Maji Hayakubisha Hodi

Jumapili ile Jentrix Akinyi alikwenda Kondele kudai blanketi zake. Zilikuwa nne, moja aliyopewa na mama yake alipoolewa, na zote zilikuwa zimeondoka nyumbani kwake Otonglo moja baada ya nyingine, wiki hiyo hiyo, bila kuaga. Hakuhitaji kuuliza nani alizichukua. Ibada ilipokwisha alivua vazi lake la akina mama wa kanisa, akalikunja vizuri mfukoni, akapanda boda hadi kwenye maduka ya spea.

Mchukuzi wa blanketi alikuwa mwanawe Sydney, fundi wa friji wa miaka ishirini na sita. Kwa miezi mitano sasa, yeye na wenzake wawili walikuwa wakirekodi albamu ya thrash metal, muziki wa magitaa ya kasi na kelele, katika stoo ya Mzee Mureithi. Mureithi alikuwa ameuza spea Kondele tangu kabla binti yake Shiku hajazaliwa, na kwa kuwa Jumapili hakufungua duka, aliwaachia stoo ya nyuma. Shiku ndiye aliyepiga ngoma. Mwenzao wa tatu, Waswa, mwalimu wa hesabu, alipiga gitaa la besi na kuendesha kompyuta ya kurekodia. Trei za mayai walizobandika ukutani hazikutosha kuzuia honi za barabarani. Ndiyo sababu ya blanketi.

Jentrix alifungua mlango akiwa na maneno yake tayari, lakini hakupata nafasi ya kuyasema. Walikuwa katikati ya wimbo. Shiku aliketi nyuma ya ngoma zake, miguu yote miwili ikikanyaga kama mtu aendeshaye cherehani mbili kwa pamoja, jasho likimtiririka hadi viwikoni, na macho yake yametulia kabisa. Gitaa la Sydney lilikwenda mbio na kukwaruza, lakini halikupotea hata mara moja. Jentrix alishona sare za shule kwa miaka ishirini na alijua kushona kwa kasi ni nini. Alijua pia kwamba kasi ya namna hiyo, isiyoruka hata tundu moja la sindano, haipatikani kwa kubahatisha. Alisimama pale mlangoni akamtazama mwanawe kama anavyotazama fundi mwenzake.

Kisha Sydney akaanza kuimba, kwa ile sauti ya kooni inayokwaruza, na Jentrix akasikia jina la Lornah.

Lornah alikuwa kifungua mimba wake. Malaria ilimchukua akiwa na miaka kumi, wakamzika nyumbani Kadundo, upande wa Nyando, hatua chache kutoka mlangoni. Halafu mwaka wa 2020 ziwa lilifura, likapanda nchi kavu, likameza shamba, zizi, nyumba na kaburi. Jentrix na mumewe Joram Ondiek walitoka na walichoweza kubeba kichwani, wakapanga vyumba viwili Otonglo. Tangu siku hiyo Joram hakuwahi kutaja Kadundo, wala jina la mtoto. Naye Jentrix, kwa kumstahi mumewe, alinyamaza.

Wimbo ulipokoma, Sydney alimwona mama yake, akaanza kueleza habari ya blanketi. Jentrix alimkata kauli.

"Hivyo sivyo mtu humlilia mtoto," alisema. "Wewe umeanza na hasira. Hasira inakuja baadaye. Kwanza unamwita."

Sydney alisogeza maikrofoni. Akaishusha hadi kimo cha mama yake.

"Basi nionyeshe, mama."

Pengine kama angemsihi, Jentrix angekataa. Alimwambia Shiku apige polepole, na hata iweje asiache. Kisha akamwita binti yake, kwa Dholuo, kwa ile sauti ambayo wanawake wa upande wa ziwa huitoa wanapoingia boma lenye msiba, sauti inayoanzia tumboni na kutangulia mbele ya mwenyewe. Alimwuliza kama maji yalikuwa baridi. Alimwuliza kama alikuwa macho yalipoingia, kwa maana hayakubisha hodi. Akamwomba radhi kwamba walihama bila kumwambia. Akamwelekeza: wako Otonglo sasa, nyuma ya kinu cha kusaga unga, aulize nyumba ya mama anayeshona, kila mtu atamwonyesha. Sydney, aliyekuwa na miaka saba dada yake alipozikwa, aliingiza gitaa chini ya sauti hiyo. Waswa, ambaye hakuelewa nusu ya maneno, alikuwa akilia waziwazi huku vidole vyake havikosei.

Katikati ya neno, stima ikapotea.

Stoo ikawa kimya, isipokuwa Shiku, ambaye aliambiwa asiache na hakuacha. Alipiga gizani hadi Jentrix mwenyewe alipomshika bega.

Waswa alikagua kompyuta, iliyokuwa ikitumia betri. Ilikuwa imeshika kila kitu hadi pale maikrofoni zilipozimika: dakika mbili na sekunde arobaini. Sydney alimwuliza mama yake kama angeweza kurudia stima ikirudi, ili neno lile la mwisho likamilike.

"Kilio hakirudiwi," Jentrix alisema.

Wakaacha ulivyokuwa. Jentrix alichukua blanketi ya mama yake, akawaachia zile tatu, akaenda nyumbani kupika. Hakumwambia Joram lolote.

Albamu ilitoka mwezi wa Machi kwa jina la *Maji Hayakubisha Hodi*. Ilikuwa na nyimbo nane, dakika thelathini na nne kwa jumla, na haikuwa na hata wimbo mmoja wa kupoteza wakati. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa magugu maji yanayofunga bandari. Wa tatu ulimhusu chifu aliyeandika majina ya waliofurikiwa kwenye daftari, kisha daftari lisionekane tena. Wa saba ulikuwa wa Lornah, ule unaokatika ghafla kama uzi.

Wiki ya kwanza walioisikiliza walikuwa marafiki. Wiki ya pili mtangazaji mmoja wa redio aliupiga ule wa saba, nusu kwa mzaha, akitaka kuwaonyesha wasikilizaji vijana wa Kisumu walikofika. Ulipoisha alisahau mzaha wake, akaupiga tena. Baada ya hapo watu waliandika kutoka Nakuru, kutoka Brazil, kutoka Ujerumani, wakiuliza yule mama ni nani. Sydney alimsomea mama yake jumbe hizo kwenye kibanda chake cha kushonea.

"Wanaelewa maneno?" aliuliza Jentrix bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

Sydney alisema hapana, hawaelewi Dholuo.

"Wanaelewa," Jentrix alisema, akakata uzi.

Lakini waliouchukua wimbo huo ukawa wao hasa walikuwa waendesha boda. Wengi wao walitoka ufuoni, walifukuzwa na maji yale yale, na wengi hawakuwa wamewahi kusikiliza gitaa la namna hiyo. Waliufungulia kwenye spika za pikipiki zao wakisubiri abiria. Hivyo ndivyo ulivyomfikia Joram.

Joram Ondiek alikuwa karani katika kiwanda cha mbao Mamboleo, mtu mwembamba aliyevaa tai kila siku ingawa hakuna aliyemdai tai. Kanisani alikuwa msomaji wa neno. Jioni moja alifika kwenye stendi ya boda, akaanza kupatana na kijana mmoja bei ya kwenda Otonglo. Spika ilikuwa imefunguliwa. Joram alikunja uso kwa zile kelele, kisha kelele zikapungua, na akamsikia mke wake.

Kijana alimwambia bei ya mwisho mara mbili. Joram alisubiri mpaka ile sauti ilipokatika, akauliza kwa upole huo ni wimbo wa nani. Kijana akamwambia ni wa watoto wa hapa hapa, na kwamba hajui yule mama ni nani, lakini yeye nyanya yake amezikwa Kadundo, kwa hivyo kila asubuhi lazima ausikilize kwanza ndipo awashe pikipiki.

Joram alimshukuru. Hakupanda boda. Alitembea hadi Otonglo, mwendo wa saa tatu, na alipofika viatu vilikuwa vimejaa vumbi na tai bado iko shingoni.

Jentrix alimwekea chakula. Joram alinawa, akaketi, hakula.

Alisema kwamba amemsikia. Alisema hayo kwa utaratibu, kama anayesoma orodha: kwamba amesikia jina la mtoto likichezwa stendini, katikati ya watu wanaotafuna miwa, kwamba dunia nzima sasa inajua kuna baba aliyemwacha binti yake majini akaokoa godoro, kwamba mke wake aliona ni heri kuyasema hayo kwa watu asiowajua kuliko kwake.

Jentrix alimwacha amalize. Alikuwa na mengi ya kujibu, ya miaka mingi, lakini aliteua moja.

"Nilikungoja," alisema. "Baba Lornah, nilikungoja miaka yote hii uliseme hilo jina, ndipo na mimi niseme."

Tangu kifo cha mtoto watu walikuwa wamewaita Baba Sydney na Mama Sydney, kwa huruma. Joram aliposikia jina lake la kwanza la ubaba alisukuma sahani kando, akainuka, akaingia chumbani. Jentrix alifunika chakula.

Jumapili iliyofuata mchungaji Dalmas alimwita Joram ofisini kabla ya ibada. Hakuwa mtu mbaya mchungaji huyu. Alikuja mwenyewe na gari la kanisa siku za mafuriko na kubeba watu hadi usiku. Lakini baadhi ya wazee walikuwa wamelalamika. Walisema muziki ule ni wa mashetani, na kwamba kuita wafu si mafundisho ya kanisa. Mchungaji alieleza kwamba anaomba jambo dogo tu. Sydney auondoe ule wimbo wa saba, Mama Sydney aseme mbele ya washirika kwamba alipotoka, na mambo yaishe. Kwa sasa, kwa muda mfupi tu, Joram apumzike kusoma.

Joram alikubali kupumzika. Juu ya hayo mengine alisema atazungumza na watu wake.

Ibada hiyo aliketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali wanapokaa wenye watoto wachanga. Kijana mmoja alisoma badala yake na kulivunja jina la nabii mara mbili, na watu wakageuza vichwa kumtazama Joram. Akina mama walioketi na Jentrix kila Jumapili walibanana upande mmoja wa benchi, ukabaki upande mzima wake peke yake. Baadaye, nje, mwalimu mkuu wa chekechea ya kanisa alimwambia, huku akitazama viatu, kwamba zile sare za muhula ujao wamempa fundi mwingine. Jentrix alisema ni sawa. Alikuwa ameshakata vitambaa vya suruali thelathini.

Nyumbani Sydney alisema atauondoa wimbo. Alisema hayo kwa mama yake, akiwa amesimama, simu mkononi, kidole kikiwa juu ya kitufe. Muziki ni muziki tu, alisema. Haufai kumvunjia mtu nyumba yake. Jentrix alimjibu kwamba wimbo ule si mali yake peke yake, na si wa mama yake peke yake. Kuna mtu hajasema.

Joram alikuwa kwenye kochi, gazeti limemfunika uso. Alilishusha.

"Kuna nyimbo ngapi?" aliuliza.

Sydney akamwambia ni nane.

"Mimi nimesikia moja, na hiyo nayo barabarani. Watu wanataka nihukumu kitu ambacho sijakisikiliza. Nataka kusikia zote, tangu mwanzo."

Alikataa kuzisikia kwenye simu. Kwa hiyo wakaenda Kondele, alasiri hiyo hiyo, wote watatu. Mzee Mureithi mwenyewe alimfutia Joram kiti cha plastiki, akaleta soda, akasema kwa Kiswahili chake cha Nyeri ambacho miaka thelathini ya Kisumu haikukibadilisha kwamba yeye hizo kelele hazielewi, lakini hajaona vijana wakifanya kazi kwa bidii hivyo tangu azaliwe. Shiku alisalimia kwa Dholuo. Waswa akawasha spika.

Joram alisikiliza kama alivyofanya kila kazi yake: mgongo wima, mikono magotini. Wimbo wa kwanza ulimpiga kifuani na alishtuka kidogo, kisha akatulia. Kwenye ule wa tatu, wa chifu na daftari, alitikisa kichwa akasema polepole kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kwenye wa tano aliomba warudishe nyuma, maana hakushika maneno, na Sydney akamwimbia ubeti ule kwa sauti ya kawaida, na Joram akasema hayo ni maneno mazuri, kwa nini anayaficha kooni. Shiku alicheka, na Sydney pia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo Jentrix alivuta pumzi hadi chini.

Wa saba ulipoanza hakuna aliyemtazama. Ulipokatika, Joram aligeuka kwenye kiti.

"Hukumaliza," alimwambia mke wake.

"Stima ilipotea."

"Ulikuwa unataka kusema nini?"

Jentrix alimwambia. Alikuwa akitaka kumwambia mtoto kwamba baba yake bado anavaa tai, atamtambua.

Joram Ondiek alivua miwani. Alilia bila kujificha, mbele ya mwanawe na mbele ya vijana wa watu, na hakuna aliyemharakisha. Mureithi alitoka nje akajifanya anapanga matairi. Alipoweza kusema, Joram alisema wimbo ni wa kweli, na hauondolewi. Ila una upungufu mmoja. Kadundo hakuzikwa mtoto mmoja.

Kisha akawaeleza jambo ambalo hata Jentrix hakulijua. Siku maji yalipoingia, watu wakiokoa mbuzi na masufuria, yeye alirudi kanisani mara moja. Alikuwa karani wa kanisa kule, na kitabu cha maziko kilikuwa kwenye kabati. Alikifunga kwenye mfuko wa nailoni, akakitia ndani ya shati. Kilikuwa chini ya kitanda chao Otonglo hadi leo. Kilikuwa na majina mia moja na kumi na mbili, na tarehe, na mahali kila mmoja alipolala, hatua kadhaa kutoka mti fulani au nyumba fulani. Hakikuwa na maana tena kwa mtu yeyote, ndivyo alivyofikiri.

Jumamosi moja mwezi wa Mei, saa tisa alasiri, bendi ilipiga albamu nzima katika ukumbi wa kijamii Kondele. Walitarajia watu themanini. Vijana wenye fulana nyeusi walikuja, hao walijulikana. Lakini kwa majuma matatu Joram alikuwa akizunguka na kitabu chake kila alipotoka kazini, akiuliza jamaa za kila jina kama wanaridhia litajwe. Kwa hiyo walikuja pia akina mama wa sokoni Otonglo na leso zao, wazee wenye bakora, waendesha boda waliojaza ua mzima kwa pikipiki. Waliketi mbele, kwenye viti, mikono mapajani kama wako kwenye mazishi. Mchungaji Dalmas alikuja pia, bila ukosi wake wa kichungaji, akasimama karibu na ukuta.

Walipofika wimbo wa saba, Joram alipanda jukwaani na kitabu. Alijaribu maikrofoni kwa kidole. Shiku akaanza kupiga, polepole, na Joram akasoma. Alisoma kama alivyozoea kusoma kanisani, bila kukimbia na bila kuvunja jina hata moja. Baada ya majina matano au sita mtu mmoja katikati ya ukumbi aliinuka aliposikia la baba yake. Kisha mwingine. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Vijana wenye fulana nyeusi, ambao dakika chache kabla walikuwa wakigongana mabega, walisogea wakawapa wazee nafasi. Alipofika jina la mia moja na kumi na mbili, aliloliweka la mwisho, "Lornah Atieno Ondiek, miaka kumi, hatua tisa kutoka mlango wa baba yake," nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama.

Ndipo Jentrix alipomwita. Hakurudia kilio kile cha stoo. Alitoa kingine, kilichokuwa na watu wengi ndani yake, na akina mama wa viti vya mbele wakakipokea, na Sydney na Waswa wakaingia na magitaa yao kwa nguvu zote. Waliokuwapo husema kuta zilitetemeka. Mzee Mureithi, aliyeketi mstari wa tatu na pamba masikioni, aliitoa.

Chekechea haikurudisha kazi ya sare. Wazee wawili wa kanisa hadi leo hawamsalimu Joram. Mchungaji alimwambia arudi kusoma wakati wowote, naye akajibu kwamba atarudi, ila kwanza amalize shughuli fulani.

Shughuli yenyewe ilianza Jumatatu baada ya tamasha. Mama mmoja mzee alifika kwenye kibanda cha Jentrix, amechoka kwa safari, na karatasi aliyoandikiwa na mjukuu. Alisema ametoka mbali, ng'ambo ya mto, si wa Kadundo. Kwao pia maji yaliingia. Alikuwa na majina manne na hakuna kitabu kilichoyaandika. Jentrix alimpa kiti na maji ya kunywa, akatuma mwendesha boda amlete Joram kutoka kazini.

Joram alifungua ukurasa mtupu wa kile kitabu, akamwuliza mama yule kila jina linaandikwaje, na kila mmoja alilala wapi. Walipokuwa wakiendelea, wanawake wengine wawili walikuwa wameshasimama nyuma yake, wakingoja zamu.

Sydney, aliyepita kuchukua chakula cha mchana, aliona ile foleni akamvuta baba yake kando. Alimweleza kwa heshima kwamba albamu imeshatoka. Ikishatoka, haiongezwi kitu.

Joram alimtazama juu ya miwani, kalamu ikiwa bado mkononi.

"Basi tungeni nyingine," alisema, akarudi kwa yule mama.